Watu wa Ukingoni mwa Mto na Bustani za Japani

Mwaka 612, enzi za Malkia Suiko, wageni kutoka ufalme wa Baekje kwenye rasi ya Korea walifika Japani. Mmoja wao alikuwa na mabaka meupe usoni na mwili mzima. Wenyeji walipomwona wakaingiwa na hofu, wakaamua akatupwe kisiwani. Nihon Shoki, kitabu cha historia kilichokamilika mwaka 720, kinaeleza kwamba mtu huyo alijitetea kwa hoja: kama mabaka ni kosa, basi msifuge ng'ombe wala farasi wenye madoa. Kisha akasema ana ujuzi wake mdogo, anajua kujenga mfano wa milima, na wakimwacha nchi itafaidika. Wakamwacha. Katika ua wa kusini wa kasri akajenga mfano wa Sumeru, mlima ambao Wabudha wanauhesabu kuwa kitovu cha ulimwengu, pamoja na daraja la mtindo wa Kichina. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hiyo ni mojawapo ya habari za kale kabisa za ujenzi wa bustani nchini humo, na tayari imebeba jambo litakalojirudia kwa miaka elfu moja iliyofuata. Bustani ilikuwa fahari ya wakubwa, lakini mikono iliyoijenga mara nyingi ilikuwa ya watu ambao wakubwa hao wasingekubali kula nao sahani moja. Yule wa Baekje angalau alibahatika kuandikwa. Waziri Soga no Umako, aliyefariki mwaka 626, alichimbiwa bwawa lenye kisiwa nyumbani kwake, na watu wakamwita Waziri wa Kisiwa. Waliolichimba hawakutajwa.

Mji mkuu ulipohamia Heian-kyo mwaka 794, mahali ilipo Kyoto ya leo, kila mwenye cheo alitaka bwawa mbele ya jumba lake. Waungwana walipanda mashua, wakapiga muziki na kutunga mashairi. Ni katika dunia hiyo, karne ya 11, ndipo kilipoandikwa Sakuteiki, kitabu cha kwanza cha Wajapani kuhusu utengenezaji wa bustani. Kinahesabiwa kuwa cha Tachibana no Toshitsuna, mtoto wa Fujiwara no Yorimichi, yule bwana mkubwa aliyegeuza jumba lake la Uji kuwa hekalu la Byodo-in mwaka 1052. Anayekifungua akitarajia maua atashangaa, kwa sababu kinaanza na mawe na kurudi kwenye mawe. Jiwe kuu likishasimama, fundi atazame linadai nini, ndipo aweke la pili. Jiwe lililokuwa limelala mlimani lisisimamishwe, na lililokuwa limesimama lisilazwe, la sivyo mwenye nyumba atapatwa na balaa. Ni rahisi kuucheka ushirikina huu. Lakini tazama unachomlazimisha fundi kufanya: kabla hajaling'oa jiwe, apande mlimani kwa miguu yake na kuangalia limekaaje.

Halafu kuna watawa wa madhehebu ya Zen, na kwa hao hatukawii sana, maana wameshaandikwa vya kutosha. Mashuhuri zaidi ni Muso Soseki (1275–1351), ambaye mwaka 1339 alilifufua hekalu la Saiho-ji magharibi mwa Kyoto na kulitengenezea bustani. Siku hizi watu husafiri kutoka pande zote za dunia kuiona kuvumwani ya hapo, ule ujani laini unaoota juu ya mawe na udongo wenye unyevu. Inasemekana aina zake zinapita 120. Soseki hakuipanda. Iliingia yenyewe karne nyingi baadaye, hekalu lilipoishiwa nguvu za kuitunza bustani. Umaarufu wa leo wa Saiho-ji umetokana na ufukara wake wa jana. Tangu mwaka 1977 haruhusiwi kuingia asiyeomba nafasi mapema, kwa sababu miguu ya wageni ilikuwa inaimaliza kuvumwani yenyewe.

Wanaonihusu zaidi ni wale walioitwa kawaramono, watu wa ukingoni mwa mto. Waliishi kwenye kingo za mito ya Kyoto, ardhi ya mchanga na mafuriko ambayo haikutozwa kodi kwa kuwa hakuna aliyeitaka. Kazi yao ilikuwa kuchuna mizoga ya ng'ombe na farasi na kusindika ngozi, kazi inayohitaji maji mengi. Kwa imani ya wakati huo, anayegusa damu na kifo amenajisika, na unajisi huo hurithiwa na mtoto na mjukuu. Wapiganaji walihitaji ngozi kwa mavazi ya vita na kwa matandiko ya farasi. Ngozi waliitaka, mchunaji hawakumtaka.

Kuchimba ardhi, kung'oa miti mikubwa na kusogeza mawe nako kulidhaniwa kuwa kunachokoza nguvu zisizoonekana, basi kazi hizo wakarundikiwa hao hao. Kidogo kidogo wakazijua kuliko yeyote. Walijua mwamba gani unatoka kijito gani, msonobari wa umri gani unastahimili kuhamishwa, na maji yapewe mteremko kiasi gani ili yatiririke bila kuchimbua kingo. Katika karne ya 15 kuna wakati kasri la Mfalme liliwapiga marufuku kuingia kwa sababu ya unajisi wao, kazi ikapewa kundi jingine la watu wa chini. Ila waliokuwa na fedha na macho ya kuona walishajua fundi ni nani.

Mwenye macho kuliko wote alikuwa Ashikaga Yoshimasa, shoguni (yaani mtawala wa kijeshi) wa nane wa ukoo wake. Kama mtawala alikuwa balaa: njaa iliua watu Kyoto huku yeye akijenga. Kama mtu wa kutambua kipaji, hakuwa na mfano. Alimpenda kawaramono mmoja aliyeitwa Zen'ami. Silabi mbili za mwisho za jina hilo ni za desturi ya madhehebu ya Kibudha ya Ji, ambayo yalimpa mtu wa chini jina la kidini na hivyo upenyo wa kusogea karibu na bwana bila kuonekana anamchafua. Zen'ami alitengeneza bustani za mahekalu na majumba ya Kyoto, na huko Nara bustani ya Daijo-in. Alipougua, shoguni alimpelekea dawa, jambo lililowashangaza watawa kiasi cha kuliandika. Alifariki mwaka 1482 akiwa na miaka 97 kwa hesabu ya Kijapani. Mwaka huo huo Yoshimasa, ambaye alikuwa amekwisha kumwachia mwanawe ushoguni, alianza kujenga makazi yake ya uzeeni chini ya milima ya mashariki, mahali tunapopajua leo kama Ginkaku-ji.

Bustani ya huko ilifanywa na ukoo wa mzee huyo, akiwemo mjukuu wake Matashiro. Mwaka 1489 mtawa msomi, Keijo Shurin, aliandika katika shajara yake mazungumzo aliyokuwa nayo na Matashiro. Fundi huyo alimweleza kwamba anahuzunika kuzaliwa katika nyumba ya wachinjaji, na kwa hiyo ameapa kutotoa uhai wa kiumbe chochote wala kutamani mali. Shurin aliona kwamba mtu huyu anawazidi watawa wengi wa siku zake. Kati ya maandishi yote yanayohusu bustani za Japani, haya ndiyo ninayoyathamini zaidi, kwa sababu kwa mara moja tu mshika jembe anasema na kuna mtu mwenye kalamu anayemsikiliza.

Wakati huo Kyoto ilikuwa ndiyo kwanza inatoka majivuni. Vita vya Onin, kuanzia 1467 hadi 1477, vilikuwa vimeuteketeza mji. Fedha za kuchimba mabwawa hazikuwepo, na hapo mtindo wa karesansui, bustani kavu ambamo changarawe husimama badala ya maji, ukashika kasi. Hekalu la Ryoan-ji, lililoanzishwa na Hosokawa Katsumoto mwaka 1450, liliungua vitani likajengwa upya kabla karne haijaisha. Bustani yake ina mawe 15 juu ya changarawe nyeupe, katika eneo la takriban mita 25 kwa 10, na popote utakapoketi ubarazani angalau jiwe moja litajificha. Wanafalsafa wamevunja vichwa juu ya maana ya mawe hayo, na wanahistoria wanabishana mpaka leo yalipangwa lini na nani. Nyuma ya jiwe moja, upande usioonekana na wageni, kumechongwa majina mawili. Moja linasomeka Kotaro. Jingine limefutika mwanzoni, limebaki likiishia na -jiro. Ni majina ya watu wa kawaida kabisa, ya aina waliyopewa kawaramono. Wapo wanaosema ni majina ya waliojenga, wapo wanaosema ni ya waliochonga na kubeba tu. Mimi naona waliojua kwamba jina linafaa kuchongwa upande wa nyuma walikuwa wameielewa vizuri nafasi yao.

Jiwe, kwa upande wake, liliweza kupata heshima ambayo mbebaji hakuipata. Liko moja linaloitwa Fujito. Simulizi yake inaanzia mwaka 1184, vita vya koo za Minamoto na Taira, pale askari Sasaki Moritsuna alipoonyeshwa na mvuvi mahali pa kuvukia bahari kwa farasi, kisha akamuua mvuvi huyo ili siri isivuje. Jiwe lililotoka mahali hapo likawa linapita mkononi mwa wenye nguvu. Mwaka 1569 Oda Nobunaga alilitaka kwa ajili ya kasri alilokuwa akimjengea shoguni. Akaamuru lifunikwe kwa hariri na kupambwa kwa maua, likaburutwa kwa kamba nene katika mitaa ya Kyoto huku filimbi na ngoma zikipigwa, yeye mwenyewe akisimamia. Baada yake likaangukia kwa Toyotomi Hideyoshi, mtoto wa mtu duni aliyepanda hadi kuitawala Japani yote.

Masika ya mwaka 1598 Hideyoshi alifanya sherehe ya maua ya micheri katika hekalu la Daigo-ji, kusini mashariki ya Kyoto. Miti 700 ilihamishiwa huko kwa ajili ya siku moja, na waalikwa wapatao 1,300 walikuwa karibu wote wanawake. Alikwisha panga pia bustani mpya katika jengo la Sanbo-in, akaagiza jiwe la Fujito lipelekwe. Septemba mwaka huo akafa. Gien, mkuu wa hekalu, hakuiacha kazi; aliendelea kuipanga na kuipangua bustani hiyo kwa zaidi ya miaka 20, na katika shajara yake anawataja mafundi wake kwa majina. Mmoja ni kawaramono aliyejipatia sifa ya kuwa bingwa wa mawe asiye na mpinzani, hata Mfalme Go-Yozei aliyestaafu akamtunuku jina la Kentei. Kutoka kufukuzwa mlangoni hadi kupewa jina na Mfalme ilichukua takriban karne mbili.

Kentei huyo ndiye aliyeweka mawe ya hekalu la Konchi-in mwaka 1632, kwa mchoro wa Kobori Enshu (1579–1647), bwana wa ngome, bingwa wa chai na msanifu aliyetafutwa na kila mkubwa. Enshu na wenzake wa karne ya 17 waliisukuma mbele sanaa ya karikomi, yaani kunyoa vichaka. Katika hekalu la Raikyu-ji, huko Takahashi, vichaka vya azalia vimenyolewa kwa pamoja mpaka vikawa mawimbi yanayopandana. Ishikawa Jozan naye, askari aliyeachishwa utumishi kwa kukaidi amri katika kuzingira Osaka mwaka 1615, alijenga makao yake ya Shisen-do mwaka 1641 na kuzungukwa na azalia zilizonyolewa mviringo. Hapo pia kuna mwanzi unaojaa maji, ukainama, ukamwaga na kugonga jiwe kwa kishindo. Ulikuwa wa kufukuzia paa na nguruwe pori wasile miti. Watalii huusikiliza siku hizi wakadhani umewekwa kwa ajili ya kutafakari.

Hapa mkasi unaingia kwenye historia kwa uzito wake. Mtunza bustani wa Kijapani hubeba kiunoni mkasi wa chuma wenye vishikio vipana vya mduara, vidole vyote vikiingia kwa raha, na ncha nyembamba za kupenya katikati ya vitawi. Makali yake hufuliwa kwa kuunganisha chuma laini na chuma kigumu: kigumu kinakata, laini kinakizuia kisivunjike na kurahisisha kunoa. Mkasi wa kunyolea vichaka una mipini mirefu ya mbao, na hapo ndipo mjuzi anapojitenga na mgeni wa kazi. Mgeni hupepesa mikono yote miwili. Fundi huushikilia mpini mmoja pasipo kutikisika, huo ndio unaolinda usawa wa uso wa kichaka, na mkono wa pili peke yake ndio unaofungua na kufunga. Akifika kwenye mgongo wa duara huugeuza mkasi juu chini ili mkunjo wa makali ufuate mkunjo wa kichaka. Msumeno wake hukata anapouvuta, si anapousukuma, kwa hiyo bapa lake linaweza kuwa jembamba sana bila kupinda. Ngazi yake ina miguu mitatu. Ule wa tatu hupenyezwa katikati ya matawi na kusimama hata kwenye mteremko.

Msonobari ndio mtihani. Aprili na Mei machipukizi yake husimama wima kama mishumaa, mara nyingi matatu au zaidi katika ncha moja. Fundi huling'oa la katikati lenye nguvu kuliko yote, akaacha mawili yaliyoachana, kisha akayapunguza urefu. Kazi hii hufanywa kwa vidole, maana mkasi ungekata sindano changa na ncha zake zingekauka na kuwa kahawia. Vuli inapofika anarudi kwenye tawi lile lile kuchuma sindano za mwaka uliopita, akibakiza za mwaka huu, ili mwanga ufike ndani na matawi ya chini yasife. Msonobari mmoja mkubwa huweza kuwashindisha mafundi wawili watatu tangu asubuhi hadi jioni. Mwanagenzi huanza kwa kufagia na kubeba takataka zinazodondoka kutoka juu ya ngazi, na hupita miaka kabla hajaruhusiwa kuugusa mti huo.

Edo, mji ambao leo ni Tokyo, ndio ulioifanya kazi hii kuwa biashara. Kuanzia mwaka 1635 mabwana wa majimbo walilazimishwa kuishi huko kwa zamu, na kila mmoja akataka bustani isiyoaibishwa na ya jirani. Bustani za Koishikawa Korakuen na Rikugien ni mabaki ya mashindano hayo. Miche ilitoka kijiji cha Somei, ambako ukoo wa Ito Ihei ulikuwa umebobea kiasi cha kutoa mwaka 1692 kitabu kizima juu ya azalia peke yake. Mskoti Robert Fortune, mwindaji wa mimea aliyekwisha itoa michai China na kuipeleka India, alifika Somei mwaka 1860 na kukiri kwamba hakuwahi kuona popote pengine mimea mingi hivyo ikioteshwa kwa ajili ya kuuzwa. Na tofauti na Kyoto ya shoguni Yoshimasa, wanunuzi walikuwa pia wachuuzi na mafundi seremala waliotaka chungu kimoja tu cha kuweka mlangoni.

Watu wa kawaida walianza pia kutembea. Shoguni Tokugawa Yoshimune alipanda micheri kwenye kilima cha Asukayama miaka ya 1720 na kuwaachia wananchi waende wakale na kunywa chini yake. Mwaka 1799 mwandishi Akisato Rito alitoa kitabu chenye picha za bustani za Kyoto, mwongozo wa msafiri. Ukiitazama picha yake ya Ryoan-ji utawaona wageni wakitembea juu ya changarawe katikati ya yale mawe 15, bila wasiwasi wowote. Enzi hizo hekalu lenyewe lilisifika zaidi kwa bwawa lake na mabata.

Utawala wa mashoguni ulipoanguka mwaka 1868, mabwana walirudi kwao na bustani zao za Edo zikabaki yatima. Nyingi zilifyekwa zikapandwa miforosadi na chai. Mwaka 1876 serikali ikapiga marufuku samurai kubeba panga, na wahunzi waliokuwa wakifua panga wakageukia visu, misumeno na mikasi. Mkasi wa kupogolea wenye springi, uliotoka Ulaya, ukaingia nao ukakaa kiunoni kando ya ule wa zamani. Hata viatu vilibadilika: mwaka 1923 kampuni ya ndugu wa Ishibashi, mjini Kurume, ilianza kuuza viatu vya kitambaa vyenye kidole gumba kilichotengwa na soli ya mpira, vikawa vazi rasmi la wapanda miti. Mmoja wa ndugu hao, Shojiro, mwaka 1931 alianzisha Bridgestone, ambayo matairi yake yanajulikana vizuri na madereva wetu.

Matajiri wapya walichukua nafasi ya mabwana. Iwasaki Yataro, mwanzilishi wa Mitsubishi, alinunua mwaka 1878 uwanja ambao ungekuwa bustani ya Kiyosumi, na meli za kampuni zikasomba mawe kutoka pwani za Japani nzima. Safari hii hapakuwa na filimbi wala hariri. Tetemeko la 1923 lilipowasha moto Tokyo, watu wapatao 20,000 waliokimbilia humo walipona, na mwaka uliofuata sehemu ya bustani ikatolewa kwa jiji.

Kyoto nako mfereji kutoka Ziwa Biwa ulikamilika mwaka 1890. Ulikusudiwa kwa usafiri na viwanda, lakini maji yalibaki mengi, na fundi Ogawa Jihei wa saba (1860–1933) akaona nafasi. Mwanasiasa Yamagata Aritomo alimpa kazi ya Murin-an kuanzia mwaka 1894 akiwa na masharti ya ajabu: hataki bwawa lililotulia, anataka nyasi wazi na kijito kinachokimbia kama cha kijijini. Jihei alitii, akajifunza, na mtindo huo ukamfanya kuwa fundi wa matajiri wote wa eneo hilo. Jina lake liko vitabuni bila kulazimika kuchongwa nyuma ya jiwe.

Septemba 1934 kimbunga cha Muroto kilizivuruga bustani nyingi za eneo la Kyoto, ikabainika kwamba hazikuwa na michoro ya kuzirudishia. Shigemori Mirei, ambaye hakusomea kazi hii popote, alizunguka nchi akipima mamia ya bustani na kuchapa matokeo katika juzuu 26 kati ya 1936 na 1939. Kisha hekalu la Tofuku-ji likamwita. Halikuwa na fedha za kumlipa, na lilimpa sharti moja: kisitupwe kitu. Mawe ya zamani ya sakafu aliyachanganya na kuvumwani yakawa vipande vya miraba vinavyopungua kadiri vinavyokwenda, na mawe saba ya misingi ya nguzo akayapanga kwa umbo la kundi la nyota saba. Hiyo ilikuwa mwaka 1939.

Leo wageni hufurika Tofuku-ji Novemba, si kwa ajili ya miraba bali kwa momiji, miti ambayo majani yake hugeuka mekundu kabla ya kudondoka. Micheri haipo. Inasimuliwa kwamba mtawa mchoraji Mincho, aliyeishi hadi 1431, alimwomba shoguni aikate yote ili hekalu lisigeuke uwanja wa ulevi. Kalenda ya mtembezi hufuata mimea hivyo: Februari na Machi miplamu ya Kairakuen, bustani iliyofunguliwa mjini Mito mwaka 1842, kisha micheri, Mei azalia, Juni kuvumwani ikinawiri kwa mvua. Novemba mosi huko Kanazawa, mafundi wa Kenrokuen hupanda juu ya msonobari wa Karasaki, uliooteshwa kwa mbegu kutoka Ziwa Biwa, na kuteremsha kamba kutoka vilele vya nguzo hadi kila tawi, ili theluji nzito ya pwani hiyo isiyavunje. Ni mbinu ambayo wakulima wa matofaa walitumia kutegemeza matawi yaliyolemewa na matunda. Kamba hutolewa kuanzia katikati ya Machi.

Kalenda yenyewe inasogea. Kyoto ina kumbukumbu za kuchanua kwa micheri kuanzia karne ya 9, zilizookotwa katika shajara za watawa na waungwana. Mwaka 2021 maua yalifikia kilele Machi 26, mapema kuliko mwaka wowote uliokuwa umerekodiwa hadi hapo. Uliokuwa ukishika nafasi hiyo ni mwaka 1409, Machi 27.

Mcheri unaopandwa zaidi nchini ni Somei-yoshino, uliopewa jina la kile kijiji cha Edo. Kila mti ni kikonyo kilichobebeshwa kutoka mti mwingine wa aina hiyo hiyo, ndiyo maana mtaa mzima huchanua kwa pamoja. Kawaida hudhoofika baada ya miaka 60 hadi 80, na methali ya Kijapani inamwita mpumbavu anayeukata mcheri, kama inavyomwita mpumbavu asiyeukata mplamu. Ina mantiki, kwa kuwa jeraha la mcheri huoza upesi. Lakini kaskazini, Hirosaki, mji wa Aomori uliozungukwa na mashamba ya matofaa, watunzaji wa bustani ya ngome waliipuuza methali hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili walianza kuipogoa micheri iliyozeeka kwa utaratibu wa wakulima wa matofaa: kukata tawi kuukuu hadi panapoweza kuchipua jipya, kupaka dawa kwenye kovu, na kulisha mizizi. Bustani hiyo ina zaidi ya Somei-yoshino 300 iliyopita umri wa miaka 100, mmoja ukiwa umepandwa mwaka 1882, na maua yake hujaa kwenye tawi kuliko ya miji mingine. Kazi hufanywa Februari na Machi, theluji ikiwa bado magotini. Matawi yaliyokatwa hugawiwa wakazi wa mji, ambao huyatia kwenye maji ndani ya nyumba yenye joto na kupata maua yao wiki kadhaa kabla bustani haijachanua.